Picha Inayoangalia Ukuta

Siku ya kuagwa kazini nilifanya upumbavu ambao sikuwahi kuufanya kwa miaka ishirini na saba ya kuendesha magari ya wageni: nilishukuru kitu kabla ya kukiona. Nilikabidhiwa zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya kung'aa, bapa na pana kama mlango wa kabati, na kwa kuwa nilikuwa na hotuba iliyoniwasha mfukoni kama upupu, nikaianza hapo hapo nikiwa nimeikumbatia. Nikasema nitaitundika sebuleni kwangu Yamumbi. Nikasema kila atakayeingia ataiona kabla ya kuona kiti. Watu wakapiga makofi. Ndipo nikachana karatasi.

Ilikuwa picha ya kinda la tai. Jeupe, limelowa, mdomo wazi, peke yake kwenye kiota kikubwa cha vijiti, na mvua inanyesha. Chini yake kuna maandishi ya rangi ya dhahabu: Mama Asiyerudi. Meneja akaniwekea mkono begani, akawaambia wote, "Bila huyu Mzee, hii picha haingekuwako." Makofi tena. Na mimi, mtu mzima mwenye mvi hadi masikioni, nikasema asante mara ya pili, sasa nikiwa nimeshaiona.

Asante ya kwanza ilikuwa ya mjinga. Ya pili ndiyo inayonikosesha raha.

Baadaye meneja huyo huyo akaniomba niwaandikie nyinyi madereva wapya kurasa chache za kuwatia moyo, mambo mazuri tu. Nimekaa na ombi lake wiki tatu. Mambo mazuri yapo na nitayataja njiani, lakini nina hasira, kalamu inapasua karatasi, kwa hivyo someni hivyo hivyo. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo sikupata, na mishahara mnaijua.

Kwanza mjue mnasoma maneno ya nani. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilizaliwa upande wa Kakamega, nikaja Eldoret kwa shangazi yangu baada ya kidato cha nne, na tangu siku hiyo sijatamani kwenda mahali pengine. Napenda kiti changu. Napenda ua wangu wa saipresi, ambao naukata mwenyewe kwa panga mpaka unanyooka kama umepigwa pasi. Juu yake unaweza kuweka kikombe cha chai na kisimwagike, nimejaribu. Mtu wa namna hii akipata kazi ya kupeleka watu milimani kulala kwenye mahema, ujue Mungu naye ana siku zake za utani. Mke wangu alikuwa ananipakia blanketi mbili, chupa ya chai na soksi za sufu, halafu ananisindikiza hadi langoni kama mtoto wa bweni anayerudi shule.

Niliingia kazini nikitoka kuendesha lori la maziwa kule Kapseret. Ofisi ilitaka dereva anayejua matope na anayejua wanyama. Matope niliyajua. Kuhusu wanyama nilijibu kwamba najua, kwa sababu maziwa hayatoki kwa mawe. Safari yangu ya kwanza ilikuwa Mlima Elgon, na kwenye ukungu wa asubuhi nikamwonyesha mgeni nyati. Alipiga picha kama arobaini, ananong'ona kwa furaha, mpaka nyati akageuza shingo na kengele ikalia. Nyuma yake akatokea mwenye ng'ombe na fimbo yake, akatusalimia vizuri sana.

Mgeni alicheka. Dereva mkuu wetu, Mzee Wekesa, hakucheka aliposikia. Msidhani alikuwa mzee wa kukaa akitoa mafunzo. Alikuwa mzee wa kununa, aliyeendesha gari huku akila mahindi ya kuchoma na kutupa magunzi nyuma bila kuangalia nani amekaa huko. Lakini kazi aliijua. Aliniweka kando yake miezi mitatu, na karibu kila kitu kizuri nilichowahi kufanya kwenye kazi hii kilitoka kinywani mwake pamoja na punje.

Yeye ndiye aliyenifundisha habari ya mifuko ya maharagwe. Mgeni wa picha huja na mfuko mtupu wa kitambaa kizito, na kazi yako ni kuujaza sokoni kabla ya safari, ili ukae dirishani na lenzi ilale juu yake isitikisike. Jaza maharagwe, usijaze mchele, mchele huvuja. Safari ikiisha maharagwe ni yako. Watoto wangu, Nekesa na wadogo zake, wamelelewa na maharagwe yaliyobeba lenzi za bei ya shamba, na hakuna aliyewahi kusema yana ladha tofauti.

Panga la gari lilikuwa la miti iliyoangukia barabarani, basi. Siku moja aliniona nachongea kijiti cha kusafishia meno, akaninyang'anya, akalifungia chini ya kiti chake wiki nzima. Ufunguo wa gari haukukaa garini hata kidogo. Ulikaa mfukoni mwako, hata ukienda msalani. Na kuhusu viota alikuwa na kanuni moja aliyoirudia mpaka nikawa naiota: mama akiruka kutoka kiotani, tazama saa. Nusu saa ikipita hajarudi, shida si yeye, shida ni wewe. Ondoka.

Nilimuuliza dereva anaondokaje mgeni akikataa. Hakunijibu siku hiyo. Alinijibu miezi miwili baadaye, tulipompeleka bwana mmoja aliyekuwa anarushia nyani mawe ili wafungue vinywa na apate picha ya meno. Wekesa alitembea hadi kwenye gari, akawasha, akatoa hindi lake akaanza kula, gari linanguruma. Yule bwana alifika akihema kabla gunzi halijabaki tupu, na njia nzima hadi Eldoret hakuna aliyezungumzia mawe. Nilicheka moyoni. Niliona ni kichekesho cha mzee mkorofi. Sikujua ni somo.

Wekesa alistaafu, nikabaki, na kidogo kidogo nikaanza kuzijua sehemu. Kati ya zote, ile niliyoipenda ilikuwa kwenye msitu wa milima ya Cherangani, juu ya Kapcherop. Nilionyeshwa na Kimaiyo, mtu wa mizinga ya nyuki, makamo yangu, mwenye maneno machache. Ng'ambo ya kibonde, kwenye mti mkubwa wa podo, palikuwa na kiota cha tai mwenye kishungi, yule mkubwa wa msituni anayeweza kubeba mbega mzima. Upande wetu, mteremko ulitufikisha sawasawa na kiota, macho kwa macho, na hapo hapo palisimama mzeituni wa porini wenye mzinga wa Kimaiyo. Tawi moja la mti huo liliinama mbele kama pazia.

Kimaiyo alinikalisha nyuma ya tawi. Akaniambia alianza kumtazama tai huyo tangu yeye mwenyewe akiwa mtoto anayetumwa na babake kuangalia mizinga, tai huyo au mama wa tai huyo, hana hakika, na kwamba tai hulea kinda moja tu, halafu hupumzika mwaka mzima kabla ya kutaga tena. Akasema, "Kaa hapa nyuma. Yeye aone majani tu." Sharti la pili hakulisema kwa sababu huko juu halisemwi: mti wenye mzinga una mwenyewe, na hata kijiti cha kuni hutoi bila kumwuliza.

Kwa miaka kumi na moja nilipeleka wageni pale, wachache, wale niliowaona wana adabu. Walipiga picha kupitia mianya ya majani. Tulitulia sote, tai na kinda lake kule, sisi na kamera zetu huku, hakuna aliyemsumbua mwenzake. Nilikuwa nikirudi nyumbani namsimulia mke wangu habari za tai kama mtu anayesimulia habari za shemeji.

Kisha, miaka minne iliyopita, wakaja Victor na Lorna.

Ningependa kuwaambia kwamba walikuwa watu wabaya tangu walipofungua mlango wa gari. Hasira yangu ingekuwa na mahali pazuri pa kukaa. Lakini walikuwa watu wa kupendeza. Walitoka Nairobi kuadhimisha miaka kumi ya ndoa, na badala ya kwenda Mombasa kuota jua kama watu wenye akili, wakachagua siku tano za baridi milimani wakipiga picha za wanyama. Victor alikuwa mkubwa wa mwili na wa sauti. Lorna alikuwa mdogo, mwepesi, na mpiga picha bora kumliko mumewe, jambo ambalo alimkumbusha kila walipokaa kula. Waliniita Mzee. Nilikuwa na miaka hamsini na sita na Victor alikuwa nusu hatua nyuma yangu, lakini mtu akishashika usukani wa wageni huku kwetu huzeeka siku hiyo hiyo.

Tulipita Moiben, tukapanda Kapcherop, tukapiga kambi. Siku mbili za kwanza zilikuwa tamu. Walipata mbega wakirukaruka na mikia yao myeupe, walipata pongo dume akinywa maji. Njiani nilikuwa nawachekesha na habari za ua wangu, kikombe cha chai na yote. Mdomo wangu ndio uliotuponza, maana bila kikombe kile labda nisingekuwa naandika haya.

Siku ya tatu niliwapeleka kwa tai. Tuliacha gari barabarani, tukapanda kwa miguu dakika ishirini. Mama alikuwa kiotani, amelifunika kinda kwa kifua. Kinda lilikuwa la wiki tatu hivi, jeupe kama pamba, halijaota unyoya wa kujikinga na chochote. Victor akasimamisha kamera, akachungulia, akaguna. Jani lilipita mbele ya lenzi. Akasogea kushoto, jani. Akasogea kulia, jani jingine. Akachuchumaa, akalala kifudifudi, akainuka na matope hadi kidevuni, na majani yakawa pale pale.

"Mzee, si uko na panga?" akaniambia. "Toa tu hako katawi."

Nilikuwa nalo. Njiani palikuwa na mti ulioanguka, na sikulirudisha garini. Nikamweleza kwamba mti una mwenyewe na kwamba tai hataki kutuona. Akasema ni tawi moja, mwenyewe hawezi kuhesabu matawi. Nikakataa mara ya pili, na sauti yangu ilikuwa imara, nawaapia. Ndipo Lorna akacheka, si kwa ubaya, akasema, "Na ile story ya kikombe cha chai? Kumbe ulikuwa unatubeba tu, Mzee. Huyu hajawahi kukata hata kiazi."

Hapo ndipo waliponipata. Miaka ishirini na zaidi ya kazi, Mzee Wekesa, Kimaiyo na mzinga wake, vyote vikashindwa na utani wa mwanamke mmoja kuhusu ua wa Yamumbi.

Nililikata. Na nililikata vizuri, hilo ndilo linalonitia aibu zaidi. Mkato mmoja wa mshazari, maji yasituame kwenye jeraha, kama nifanyavyo nyumbani. Kisha nikarudi nyuma hatua mbili, nikainamisha kichwa upande kuona kama nimenyoosha. Nilipoinua macho, tai alikuwa ananitazama mimi. Hakuiangalia kamera, hakuwaangalia wageni. Tukatazamana labda kwa muda wa kuvuta pumzi tatu, halafu akainuka, akapiga mabawa, akapotea nyuma ya kilima.

Nikatazama saa. Ilikuwa saa saba na dakika kumi.

Saa nane kasorobo nikatazama tena. Saa nane. Saa tisa. Victor alikuwa na furaha, anasema sasa kiota kinaonekana kama kiko mezani, anangoja mama arudi na mawindo apate picha ya maisha yake. Jioni tulimsikia tai akilia juu sana, anazunguka, hateremki. Nikawaambia twendeni kambini kula, wakakubali, nami nikajipongeza kwamba nimewaondoa. Nilikuwa nimewaondoa baada ya saa tano nzima.

Asubuhi walitaka kurudi. Ningeweza kusema barabara imeharibika. Ningeweza kusema gari ni gonjwa. Dereva asiyejua kulifanya gari lake liugue kwa saa chache akitaka hajafuzu. Lakini kabla hatujaondoka Eldoret meneja alikuwa ameniita kando akanieleza kwamba hawa wawili wanafuatwa na watu wengi mitandaoni, wapate wanachotaka. Nikawapeleka.

Saa tatu mama alikuja. Alikuwa amebeba kitu, sehemu ya mbega nadhani, akatua kwenye mti wa nyuma ya podo. Kinda lilimwona. Likaanza kulia, sauti nyembamba kama bawaba isiyotiwa mafuta, likijikokota kwenye vijiti kuelekea kwake. Yeye akatutazama sisi, watu watatu wamesimama wazi mahali ambapo kwa miaka yote palikuwa na majani. Alikaa pale na nyama kuchani karibu saa nzima. Sijawahi kuona kiumbe kikitaka kitu namna ile. Kisha akaondoka nayo.

Lorna aliishusha kamera. Hakuwa anatania tena. Akanijia nilipokuwa nimekaa, akasema chini chini ili mumewe asisikie, "Mzee, niambie ukweli. Huyu mama atarudi tukiwa hapa?"

"Atarudi, madam," nikamwambia.

Maneno mawili. Nikaongeza kwamba tai ni ndege mvumilivu, kana kwamba nilikuwa nimesomea. Angeniamini kwa lolote ambalo ningesema. Aliniuliza mimi, hakumwuliza mumewe, kwa sababu mimi ndiye niliyejua, na nikamdanganya kwa sababu ukweli ungeanza na tawi, na tawi lingeanza na mimi. Basi akarudi kwenye kamera yake.

Mvua ilianza saa nane mchana. Mnaijua mvua ya Cherangani, inaanguka ikiwa baridi kama imetoka kwenye friji. Tulikuwa na mwavuli mkubwa wa kufunika vifaa. Nataka mlisikie hili vizuri: lenzi ilikuwa na mwavuli. Kinda halikuwa na kitu. Mama alilia mara moja kutoka kwenye ukungu, karibu kabisa, na mimi nilikuwa nimeshikilia mwavuli kwa mikono miwili nikiunyoosha usichuruzike kwenye kamera. Lorna alikuwa analia na anapiga picha, vyote pamoja. Hapo ndipo ilipopatikana ile picha yenu ya dhahabu.

Siku ya tano asubuhi kinda halikuinua kichwa. Tulifunga mizigo. Kabla ya Moiben Victor alisema, kama mtu anayefunga mkutano, "Nature haina huruma, Mzee." Nikaitikia. Niliitikia, vijana.

Wiki mbili baadaye nilipita Kapcherop na mgeni mwingine, nikapanda peke yangu hadi kwenye mzeituni. Kisiki cha tawi kilikuwa kimekauka vizuri, mkato safi. Mzinga haukuwapo. Kimaiyo alikuwa ameushusha akauhamisha, na nyuki wake wote. Nikamkuta kando ya barabara akiuza asali. Alinisalimia, akauliza hali ya mke wangu, akauliza kama mvua imenyesha Eldoret. Nikamwomba asali. Akasema imeisha. Mbele yake kulikuwa na mitungi minane. Nikasema haya, siku nyingine, nikaondoka, na hiyo ndiyo kesi yote niliyoshtakiwa na hukumu yote niliyopewa. Tai sijamwona tena. Podo lipo, kiota kimeanza kuota magugu.

Mwaka uliofuata picha ya Lorna ikapata tuzo. Waliiandikia na maelezo, ambayo meneja aliyachapisha, akayabandika ofisini mahali ambapo kila mgeni anayetia sahihi lazima ayasome. Yanasema kwamba dhoruba ilipozidi, mama alichagua kujiokoa na kumwacha kinda wake, na kwamba hiyo ndiyo sheria kali ya milima. Alichagua, wanasema. Ndege aliyezunguka siku tatu juu ya vichwa vyetu na nyama kuchani anaitwa mama mtoro, na watu wanasimama mbele ya picha wanatikisa vichwa wakisema maskini. Nimewahi kumsikia mwalimu aliyeleta wanafunzi akiwaambia, mnaona, hata wanyama wana wazazi wabaya. Nilikuwa nafuta kioo cha gari nje ya dirisha. Kioo hicho kilifutwa mpaka kikalia.

Nilimwendea meneja mara moja, nikamweleza yote, tawi, panga, saa. Alinisikiliza vizuri. Kisha akasema watu wameshaipenda ilivyo, tena wageni wanauliza kama wanaweza kupelekwa kwenye ule msitu wa mama asiyerudi, niache mambo ya zamani. Nikaacha. Mimi ni hodari sana wa kuacha. Niliendesha miaka mingine mitatu chini ya picha hiyo, nikichukua funguo kila asubuhi kwenye msumari uliokuwa hatua moja kutoka kwenye mdomo wa kinda, na siku ya mwisho wakanifungia nakala yake kwenye karatasi ya kung'aa.

Kwa hivyo kama mlitaka cha kuwatia moyo, chukueni hiki. Jazeni maharagwe, si mchele. Panga liwe la miti iliyolala barabarani. Mgeni akilalamikia majani, mwambie apige picha za majani. Mama akiruka, tazama saa, na ukishaitazama, itii, usiwe kama mimi niliyeitazama siku tatu kama mtu anayengoja basi. Na mtu yeyote akiwaambia yule tai alichagua, mwambieni kuna dereva wa Yamumbi anayejua nani alichagua nini, na kwa mpangilio gani. Victor alichagua picha. Meneja alichagua umaarufu. Lorna, hata nikimwonea huruma, alichagua maneno yale ya chini ya picha, ingawa alikuwa pale na macho yake si mabovu. Nimewaza kuwaandikia barua wote watatu. Nimeshaandika ya Victor mara nne, na kila mara nafika mahali pa tawi, nasimama kwenda kuangalia ua.

Ahadi ni ahadi. Nilisema nitaitundika sebuleni, nimeitundika. Lakini sikusema itaangalia wapi. Inaangalia ukuta, wageni wanaona mbao za nyuma na kamba, na kwa wiki tatu kila mtu aliyeingia alikuwa na adabu ya kutouliza.

Juzi alikuja Mama Kosgei, jirani yangu wa upande wa chini, kurudisha toroli. Mama Kosgei hana adabu ya namna hiyo. Ni mwanamke wa ng'ombe wanne na maneno yasiyozidi yanayohitajika, na tangu nihamie pale amekuwa akiniambia kwamba ua wangu ni wa kuonea haya, ndege hawawezi kujenga ndani yake, umekatwa kama kichwa cha polisi. Aliingia, akaiona, akaigeuza bila kuuliza, akaitazama kwa muda. Mke wangu akamletea chai.

Basi nikamwaga yote. Nilianza na Victor na nikamchambua kuanzia kiatu hadi kofia. Nikaenda kwa Lorna na maandishi yake. Nikaenda kwa meneja, na hapo nilisimama, nikapiga meza, nikasema watu wazima watatu wameua kiumbe halafu wamemsingizia mamake, na mimi ndiye wamenichagua nimtundike nyumbani kwangu. Nilimweleza habari ya tawi pia, sikuficha, lakini nililipitia haraka. Mke wangu alikuwa anaangalia kikombe chake. Mama Kosgei alinisikiliza hadi mwisho bila kunywa hata funda moja, akaiacha picha vile vile inatuangalia, akashika mkoba wake.

"Baba Nekesa," akasema, "umetukana watu watatu mpaka chai yangu imepoa. Ufunguo wa gari ulikuwa kwa mfuko ya nani?"